Mwani ukifa, wewe ni nani?



Likizo hii nilikaa Kendwa, kaskazini mwa Unguja, na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Yeye alichukua sayansi ya bahari, mimi falsafa kisha seminari. Tulikuwa tumekaa mchangani akaniambia, "Frateri, mkataba wangu wa utafiti unaisha. Hoteli moja hapa inanitaka mapokezi, mshahara mara mbili. Na mwani wangu wa majaribio umekufa mara tatu. Nyumbani wananiita mwanasayansi. Mwanasayansi wa nini?"

Halafu akashusha sauti. Siku moja alikaribia kupika namba, aandike kwamba kamba mbili zilipona.

Jibu la haraka nilikuwa nalo, lile la "mtegemee Mungu tu". Niliona aibu kulitoa.

Tukaongea mwani. Unguja ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, pwani ya mashariki, na wakulima wengi ni wanawake. Wanafunga miche kwenye kamba na vigingi, maji mafupi. Aina inayolipa zaidi, kotonii, ikaanza kufa maji yalipozidi joto. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, angeweza kuandika kwamba mwani unakufa, akafunga faili. Lakini yeye na wenzake walijaribu pamoja na wakulima kuupeleka maji ya kina, kwenye nyavu zenye umbo la bomba ili mawimbi yasiung'oe. Hapo likazuka jingine: maji ya kina yanataka mashua, na kina mama wengi hawakujua kuogelea! Swali la maabara likageuka swali la kuogelea. Hayo yote yalianza kwa mtu kukubali kuandika neno "umekufa".

Sasa fungua Luka 5:1-11. Sisi hukimbilia samaki wengi. Rudi nyuma kidogo. Petro, fundi wa ziwa lile, anamwambia Yesu kwamba wamehangaika usiku kucha na hawana kitu. Mimi naisoma kama ripoti ya utafiti, tena ripoti safi. Watu wamesimama ufukweni wanasikia, na yeye hasemi "tulipata wachache". Yesu hamkemei. Alikuwa amekwisha kumtuma maji ya kina, na Petro anakwenda kutokea palepale kwenye nyavu tupu. 

Kanisa haliogopi kazi hii. Mt. Alberto Mkuu, mwalimu wa Tomaso wa Akwino, alichunguza mimea na wanyama kwa macho yake mwenyewe, na mwaka 1941 Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa wanasayansi. Sikukuu yake ni 15 Novemba.

Kuhusu hoteli sikumkataza. Mshahara si dhambi, na ana wadogo zake wanasoma. Nilimuuliza kitu kimoja tu: unaenda kwa sababu unaitwa kule, au unaukimbia mwani uliokufa? Alinyamaza muda mrefu. Baadaye akanisimulia siku zake za kazi: wenzake wakienda kuswali adhuhuri, yeye husali Malaika wa Bwana kando ya ndoo za sampuli, na kuna mzee mmoja kazini humkumbusha saa ikifika. Hapo nilimwona anacheka.

Wiki iliyofuata alipeleka ripoti, kamba zote zimeandikwa zimekufa. Habari za mkataba bado hajaambiwa. Hoteli nayo inasubiri jibu.

Kwa mkutano wa VIWAWA au jumuiya yenu: someni Luka 5:1-11 taratibu, kisha kaeni kimya dakika tano. Kila mmoja akumbuke matokeo aliyoyaficha, ya mtihani, ya biashara, hata ya uchumba, na mtu aliyeogopa kumwambia. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Nasi tumwombee rafiki yangu, salamu Maria moja.