Wivu Kati ya Ndugu: Somo la Mwezi Huu

Wengi wetu hapa Korogwe na Handeni tulikisoma shuleni kitabu cha Adili na Nduguze, alichokitoa Shaaban Robert, mwana wa mkoa wetu wa Tanga, mwaka 1952. Adili aliwatendea mema ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, nao wakamtosa baharini. Jini Huria alimwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Kisa hiki ni cha kale. Katika Alfu Lela Ulela kimo zaidi ya mara moja: pengine ni ndugu wanaume, pengine ni mwanamke wa Baghdad na dada zake wawili. Dada hao walipopoteza mali, aliwapokea na kuwagawia yake. Hata hivyo walimtosa baharini, wakageuzwa mbwa. Kila siku aliwapiga viboko mia tatu, kisha akalia na kuwafuta machozi.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, wivu huu haukuletwa na adui. Ulizaliwa nyumbani, kwa watu waliokwisha kusaidiwa. Msaada peke yake hautibu moyo.

Pili, anayepiga naye amefungwa. Yule mwanamke hakuwa na raha kuliko mbwa wake.

Tatu, tuutazame mwisho. Katika kisa cha kale cha ndugu wanaume, wakosaji wanasamehewa, kisha wanajaribu kumwua ndugu yao. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Ndugu zake Adili wanatubu na kupatana naye. Msamaha ulikuwa katika visa vyote viwili. Toba ndiyo iliyoleta tofauti. Yusufu naye aliwajaribu ndugu zake kabla ya kujitambulisha (Mwanzo 44).

Katika Kiswahili neno ndugu ni la mume na la mke. Basi somo hili ni la akina mama pia. Tunawajua dada waliogombania shamba la marehemu mama yao, wakaja kanisani Jumapili moja na kukaa mabenchi mbalimbali. Pengine ni sisi wenyewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, tuna ndugu ambaye tumemsamehe kwa maneno, lakini kila usiku twampiga moyoni?
2. Je, sisi tuliokosa tumetubu, au twangojea kusamehewa tu?