Mtandao ukizima, mteja wako unampataje?

Wauzaji wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo tuongelee daftari.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, WhatsApp na Instagram zikawa shida. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaja kurudi 3 Novemba. Sababu ni tofauti, ila kwetu hasara ni ile ile: bando unalo, mzigo upo, stetasi haimfikii mtu.

Fanya hivi mapema:

1. Andika kila mteja: jina, namba, anakaa wapi, alinunua nini, saizi gani.

2. Muulize namba inayopigika. Wengine WhatsApp yao iko kwenye laini waliyoacha kutumia zamani. Nyaya zikikatika, simu ya kawaida na meseji bado zinaenda.

3. Kila bidhaa ipe namba. Mimi nauza vitenge. Mteja wa Bunda mwenye picha zangu za wiki iliyopita ananiandikia tu "nataka namba 7", naupeleka mzigo stendi.

4. Alipie kwa menyu ya kubonyeza nyota. Haihitaji bando.

Daftari lisikae ovyo dukani, hizo ni namba za watu.

Anza leo na wateja 10 wa mwisho. Kuna unayemdai? Andika na deni lake.