Skrini Iliyo Mbele ya Kitanda: Kujifunza Kuhusu Ugonjwa Wako Katika Chumba Janja cha Hospitali

Katika hospitali kadhaa za Marekani, mgonjwa anayelazwa hukuta mbele ya kitanda chake skrini ambayo si televisheni tu. Chumba cha namna hiyo huitwa chumba janja. Katika somo hili tunaeleza kazi ya chumba hicho, na jinsi mgonjwa anayezungumza Kiswahili anavyoweza kukitumia asije akarudi nyumbani na maagizo asiyoyaelewa.

Chumba hufanyaje kazi?

Skrini huunganishwa na kumbukumbu za matibabu. Daktari akishaandika kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa moyo, mfumo unaweza kumletea video kuhusu ugonjwa huo, dawa zake na chakula kinachomfaa. Katika baadhi ya vyumba, mhudumu huvaa kitambulisho chenye kihisi. Anapoingia, jina lake na kazi yake huonekana kwenye skrini, nawe ukajua unayezungumza naye ni daktari, muuguzi au mfamasia.

Video ikiisha, mgonjwa huweza kuulizwa kama ameelewa, na jibu lake kuingizwa katika kumbukumbu. Hapo ndipo penye hatari. Anayekubali kwa sababu ya haya au uchovu huandikwa kuwa amefundishwa, na wahudumu wanaweza kudhani kwamba kazi imekwisha.

Mfano

Mgonjwa ambaye moyo wake umepungukiwa na nguvu ya kusukuma damu huagizwa kujipima uzito kila asubuhi. Kwa kawaida huambiwa apige simu kwa daktari uzito ukiongezeka ratili 2 hadi 3 kwa siku moja, au ratili 5 kwa juma moja. Ongezeko hilo la ghafla huweza kuwa dalili ya maji yanayobaki mwilini. Asiyeelezwa sababu hiyo kwa lugha yake anaweza kufurahi kwamba ananenepa na kupata nafuu, kumbe hali yake inazidi kuwa mbaya.

Mambo ya kufanya

1. Mara unapolazwa, sema kwamba lugha yako ni Kiswahili, na uombe iandikwe hivyo katika kumbukumbu zako.
2. Usikubali kwamba umeelewa kabla ya kuelewa. Video inaweza kurudiwa, nawe unaweza kuitazama pamoja na jamaa atakayekuuguza nyumbani.
3. Mweleze muuguzi kwa maneno yako mwenyewe utakavyotumia kila dawa, na dalili zitakazokufanya upige simu. Ukikosea, atakusahihisha ungali hospitalini.
4. Kabla ya kuondoka, omba maagizo yaliyoandikwa, pamoja na namba ya simu ya kuuliza maswali.

Haki zako

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Huduma Nafuu ya Afya ya mwaka 2010 huzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kuchukua hatua zinazofaa ili asiyejua Kiingereza vizuri apate huduma kwa lugha anayoielewa. Mkalimani, awe chumbani, kwa simu au kwa video, hutolewa bila malipo. Mtoto wako hapaswi kufanywa mkalimani, isipokuwa kwa dharura wakati hakuna mkalimani aliye karibu.

Sheria ya faragha ya afya ya mwaka 1996, ijulikanayo kama HIPAA, inakupa pia haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zako, na ya kuomba zirekebishwe ukiona zina kosa.

Tunakuhimiza utumie skrini hiyo kwa kadiri inavyokufaa, kwa kuwa haichoki kurudia somo. Lakini skrini haiwezi kuona mashaka usoni pako. Kwa hiyo usiondoke hospitalini kabla ya kumweleza mhudumu yale uliyojifunza, naye akathibitisha kwamba umeyaelewa sawasawa.