SOMO: Je, Chama Kinunue Kifaa cha Kusomea Vitabu vya Kielektroniki?

Swali hili huweza kufika mbele ya bodi ya chama chochote cha msingi chenye fungu la elimu: fedha zitumike kununua kifaa kimoja chenye kubeba maelfu ya vitabu, au zinunue vitabu vya kawaida na rafu ya kuviweka?

Usomaji wa wakulima katika Shinyanga na Geita una historia yake. Mwaka 1968 Serikali, kwa msaada wa UNESCO, ilianzisha katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mtu alijifunza kusoma kwa kitabu kilichohusu kazi yake, kama vile kilimo cha pamba. Mwaka 1974 likafuata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Kitabu au gazeti la namna hiyo huweza kupita mikono mingi, na kupokezana huko ndiko kipimo kinachofaa katika swali lililopo.

Kifaa kinachozungumzwa, ambacho mfano wake maarufu ni Kindle ya kampuni ya Amazon iliyotolewa mwaka 2007, si simu wala kompyuta. Ndani ya kioo chake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisogeza chembe hizo, nazo zikisha kukaa mahali pake hazihitaji umeme tena mpaka msomaji afungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu chaji moja hutosha kwa majuma kadhaa, na maandishi husomeka vizuri hata juani. Kwa mwanachama wa Kishapu au Mbogwe asiye na umeme nyumbani, hizo si sifa ndogo.

Lakini kioo kizuri hakileti kitabu. Vitabu vya Kiswahili katika maduka ya vifaa hivyo ni vichache. Maandiko ambayo katibu huyahitaji zaidi, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, hupatikana katika faili za PDF, ambazo kurasa zake zimepangwa kwa kipimo cha karatasi kubwa. Katika kioo cha inchi 6 herufi huwa kama sisimizi.

Lipo jambo zito zaidi. Kitabu kilichonunuliwa katika duka la kampuni kwa kawaida hufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi, wala hakiazimishwi kwa jirani. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta ndani ya vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kile ambacho wasomaji wa Kiswahili hukijua kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha. Vitabu vilikwisha toweka. Mwenye duka la vitabu mjini Shinyanga hawezi kuingia nyumbani kwa mteja usiku na kuchukua alichokwisha kumwuzia.

Kwa kazi za ofisi, kishikwambi hufaa zaidi ingawa chaji yake huisha upesi. Husoma PDF kwa ukubwa unaostahili, na pia hufungua MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika. Mafundi wa simu wamezoea vitu vya namna hiyo. Kioo cha kifaa cha kusomea kikivunjika, kukitengeneza ni shida. Anayeweza kufaidi kifaa hicho ni mtu mmoja mwenye masomo marefu ya Kiingereza, tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, naye akinunue kwa fedha zake. Fungu la elimu la chama lisiguswe kwa ajili hiyo.

Bodi ikiwa bado na shaka, imtake katibu aandike majina ya vitabu 10 vilivyoombwa na wanachama. Mbele ya kila jina aonyeshe kama kitabu kinapatikana kwa kifaa hicho, kwa lugha gani, na wanachama wangapi wataweza kukisoma kwa zamu. Orodha hiyo isomwe mkutanoni kabla bei ya kifaa haijatajwa.