Pima, Usikisie: Joto, Umeme na Chumvi Katika Nyumba za Takaungu

Kijitabu cha elimu kwa umma

Mkono hudanganya

Alfajiri, shika pete ya chuma ya mlango wako, kisha gusa ubao wa mlango huohuo. Chuma kitakuuma kwa baridi, ubao hautakuuma. Ukiulizwa kipi baridi zaidi, utasema chuma. Lakini vyote viwili vimelala usiku kucha katika hewa moja, na kipimajoto kitasoma sawa kwa vyote. Mkono wako haukupima ubaridi. Umehisi jinsi chuma kinavyolinyonya upesi joto la mwili, na ubao unavyolinyonya polepole.

Uwezo huo wa kitu kupitisha joto au umeme huitwa upitishaji. Kinachopitisha vizuri ni kipitishi. Kinachozuia ni kihami. Kijitabu hiki kinakuonyesha namna ya kuupima kwa vifaa rahisi, kwa sababu upitishaji huamua mambo makubwa: paa lipi uezeke, kisima kipi unywe, na waya upi usiuguse.

Sehemu ya 1: Joto

Upitishaji wa joto huhesabiwa kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. Hivi ni viwango vya vitu unavyovijua:

- Shaba nyekundu: karibu 400
- Alumini, kama ya sufuria: karibu 240
- Chuma cha mabati: karibu 50
- Kioo: karibu 1
- Maji: 0.6
- Mbao kavu: 0.1 hadi 0.2
- Majani makavu ya kuezekea: chini ya 0.1
- Hewa iliyotulia: karibu 0.025

Tazama mstari wa mwisho. Hewa isiyosogea ni kihami kikubwa, na siri ya makuti iko hapo: kila kuti limefunga vijifuko vya hewa. Bati halina vijifuko hivyo, na tena halifikii nusu milimita kwa unene. Joto linalopita huongezeka kitu kikiwa chembamba, kwa hiyo jua la saa saba likipiga juu ya bati, chini yake huwaka papo hapo.

*Jaribio la vijiko.* Mwanasayansi Jan Ingenhousz, katika karne ya 18, alipaka nta kwenye fito za metali mbalimbali, akazichovya ncha katika kimiminika cha moto, akatazama nta iliyeyuka umbali gani kwenye kila ufito. Wewe fanya hivi:

1. Chukua kijiko cha chuma, cha mbao na cha plastiki, vyenye urefu na unene unaokaribiana.
2. Bandika punje ya maharagwe kwa samli iliyoganda kwenye kila mpini, umbali uleule kutoka chini.
3. Visimamishe vyote kwa pamoja katika kikombe cha maji ya moto.
4. Andika dakika ambayo kila punje imeanguka. Rudia mara tatu, kisha tafuta wastani.

Utaelewa kwa nini upawa, wenye kifuu cha nazi na mpini wa mti, haumuunguzi mpishi.

*Jaribio la paa.* Tundika vipimajoto viwili vya aina moja, kimoja chini ya makuti na kingine chini ya bati, kwa urefu uleule kutoka sakafuni, mbali na dirisha na moto wa jiko. Soma saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa siku tatu. Mwenye bati asikate tamaa: dari ya makuti au mikeka iliyoacha nafasi ya hewa chini ya bati, pamoja na rangi nyeupe juu yake, hupunguza joto linaloingia ndani.

Sehemu ya 2: Umeme

Mwaka 1853 Gustav Wiedemann na Rudolph Franz walionyesha kwamba metali inayopitisha joto vizuri hupitisha umeme vizuri pia. Sababu ni moja: elektroni zinazotembea huru ndani yake hubeba vyote viwili. Sheria hiyo ni ya metali tu. Almasi hupitisha joto vizuri kuliko shaba, lakini umeme huuzuia.

Chukua betri mbili za tochi, globu yake na vipande vya waya. Acha pengo kwenye mzunguko, kisha ulizibe kwa msumari, sarafu, ubao mkavu, plastiki, na glasi ya maji ya chumvi. Globu itawaka sana kwa msumari. Kwa maji huenda isiwake kabisa.

Tahadhari: globu kutowaka si ushahidi kwamba umeme haupiti. Globu ya tochi huhitaji takriban ampea 0.3 ili iwake, ilhali sehemu ya kumi ya hapo yaweza kumdhuru mtu. Usifanye jaribio lolote kwa umeme wa nyumbani. Kamba iliyolowa, ubao uliolowa na mkono uliolowa maji ya bahari si vihami. Waya ukianguka, kaa mbali, zuia watoto, ita kampuni ya umeme.

Sehemu ya 3: Kisima

Maji safi kabisa karibu hayapitishi umeme. Chumvi iliyoyeyuka ndiyo inayoubeba. Kwa hiyo kipimo cha upitishaji ni kipimo cha chumvi, na kifaa chake ni kidogo kama kalamu. Husoma kwa maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari hufikia karibu 50,000. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa ya asili, yasiyotibiwa, ni 2,500 kwa upeo.

Katika pwani yetu ya Takaungu, chini ya mwamba wa matumbawe, maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inategemea takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta kupita kiasi, munyu hupanda. Ulimi hauwezi kukuonya mapema, kwa sababu huyazoea maji yanayobadilika kidogo kidogo.

Namna ya kupima:

1. Hakikisha kifaa kwa mmumunyo maalumu wa maikrosimensi 1,413 kwa sentimita.
2. Suuza ndoo na ncha ya kifaa kwa maji ya kisima chenyewe.
3. Pima na uandike tarehe, saa, joto la maji, na kama ni bamvua au maji mafu.
4. Rudia kila wiki, kiangazi na masika.

Kipimo hiki hakioni vijidudu. Maji yenye namba ndogo bado yachemshwe au yatibiwe.

Daftari la kisima

Namba moja haisemi mengi. Namba za mwaka mzima, zikiwa kwenye daftari moja ambalo mtaa unaliona, zitaonyesha munyu unapanda lini, na pampu ipumzishwe lini kabla kisima hakijaharibika. Anzeni wiki hii, na ukurasa wa kwanza aandike mtoto wa shule.