Nywele Zilizoungua kwa Moto: Je, Zinapona?

Zinapokaribia sikukuu za Noeli na Pasaka, au siku ya Komunyo ya kwanza, jiko la mkaa hupata kazi ya ziada katika nyumba nyingi. Chanuo la chuma huwekwa juu ya makaa, na mabinti husubiri zamu yao ya kuchomwa nywele. Wenye umeme hutumia pasi ya nywele au draya. Si kosa mtu kupenda kupendeza. Lakini sikukuu ikipita huanza malalamiko: nywele zinakatika, ncha zimenyooka kama majani makavu, hazisukiki tena. Ndipo akina mama huanza kununua kopo hili na lile wakitafuta dawa ya kuziponya.

Mwezi huu tujifunze moto unafanya nini kwenye nywele, tujikinge namna gani, na tufanye nini ikiwa madhara yameshatokea.

1. Unywele ni kitu gani?

Sehemu ya unywele iliyo hai ni mzizi wake tu, ulio ndani ya ngozi ya kichwa. Sehemu tunayoiona, tunayoichana na kuisuka, haina uhai. Haina damu wala mishipa ya fahamu. Ndiyo maana tukinyoa hatusikii maumivu. Imetengenezwa kwa protini ngumu iitwayo keratini, ile ile iliyomo katika kucha. Nje imefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangana kama vigae vya paa. Magamba hayo huzuia unywele usipoteze unyevu na usichakae upesi.

Kidonda cha mguu hupona kwa sababu nyama yake ni hai. Unywele ulioungua hauna cha kuuponya. Mafuta na dawa za dukani zaweza kuulainisha na kuufanya ung'ae kwa siku chache, lakini haziwezi kuurudisha ulivyokuwa. Hapa ndipo usemi wetu unapotimia: maji yakimwagika hayazoleki.

Nywele zetu zilizojikunja zinahitaji uangalifu zaidi. Kila penye mkunjo ni rahisi unywele kukatika, na mafuta ya asili yatokayo kwenye ngozi hayashuki kwa urahisi mpaka kwenye ncha. Kwa hiyo hukauka upesi hata kabla moto haujazigusa.

2. Moto hufanya nini?

Mikunjo ya unywele hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali vilivyomo katika keratini. Baadhi ni vyepesi. Maji na joto la kiasi huvilegeza, na unywele hunyooka kwa muda. Zikilowa maji, au mtu akitoka jasho, vifungo hivyo hujishika tena na nywele hujikunja kama zamani.

Joto likizidi, mambo hubadilika. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ikiwa unywele una unyevu, maji yaliyo ndani yake huchemka ghafla na kuacha matundu kama mapovu. Hapo ndipo utakapokatika. Joto likifika kiasi cha nyuzi 200, keratini yenyewe huanza kuharibika vibaya. Pasi nyingi za umeme hufika hata nyuzi 230. Makaa mekundu hupita nyuzi 500, na chanuo lililolala juu yake halina kipimo chochote cha kutuonya.

3. Tutajuaje kwamba nywele zimeungua?

Kipimo chake hakina gharama. Osha nywele kwa maji na sabuni ya nywele, usipake mafuta, kisha ziangalie zinapokauka. Zile zilizo salama zitajikunja tena. Zile zilizobaki zimenyooka, au zimenyooka nchani huku shinani zikijikunja, zimeungua. (Aliyeweka dawa ya kunyoosha nywele asitumie kipimo hiki, maana dawa hiyo pia huzizuia zisijikunje.) Dalili nyingine ni vidoa vidogo vyeupe kwenye unywele, ncha zilizopasuka, na vipande vifupi vinavyoanguka kila mara mtu anapochana.

4. Tujikinge namna gani?

Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa tiba yenyewe haipo. Anayetaka kunyoosha nywele azingatie haya:

(a) Asichome nywele mbichi. Zioshwe kwanza, kisha zikauke kabisa.

(b) Ajaribu chanuo kwenye karatasi nyeupe kabla ya kuligusisha kichwani. Likiacha alama ya kahawia, ni la moto mno, lipoe kwanza. Mwenye pasi yenye kipimo asipite nyuzi 180, na nywele nyembamba zapaswa kupata joto dogo zaidi.

(c) Apitishe mara moja kwenye fungu dogo la nywele, si mara tano kwenye fungu kubwa. Kila mpito ni joto jingine.

(d) Asipake mafuta mengi kabla ya kuchoma. Mafuta yakipata moto hutiririka na kuunguza ngozi ya kichwa, masikio na shingo. Yapo mafuta maalumu ya kukinga nywele na joto. Hupunguza madhara, lakini hayayaondoi.

(e) Asichome kila wiki. Afadhali iwe mara chache kwa mwaka. Nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha tayari zimedhoofika. Kuziongezea moto ni kuzivunja mara mbili.

(f) Jiko la mkaa lisitumike katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Milango na madirisha yawe wazi, au kazi ifanyike uani, mbali na watoto wanaocheza.

Watoto wadogo tusiwachome nywele kabisa. Mtoto hatulii, na chanuo halisubiri. Mabutu au twende kilioni yasiyokazwa yanatosha kumpendeza siku yake.

Mtu akiungua ngozi, apoze mahali hapo upesi kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Yakitokea malengelenge, au akiungua usoni, au akiwa ni mtoto, apelekwe zahanati.

5. Zikishaungua tufanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuacha moto. Kuendelea kuchoma ili ncha zilizonyooka zifanane na shina ni kupanua hasara.

Hatua ya pili ni kukata sehemu iliyoungua. Mwenye moyo hukata zote mara moja. Asiyetaka apunguze ncha kidogo kidogo, kila mwezi au kila miezi miwili, huku nywele mpya zikiota. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Basi binti aliyeunguza sentimita 8 ajiandae kungoja miezi 8 hadi 10, au zaidi kidogo. Mama asimkaripie wala ndugu wasimcheke. Kichwa kilichonyolewa hakina aibu, na shule zetu nyingi hutaka nywele fupi hata hivyo.

Hatua ya tatu ni kutunza zinazoota. Zioshwe kila baada ya wiki moja au mbili. Zichanwe zikiwa na unyevu na kilainishi, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kuelekea shinani. Mafuta ya nazi yakipakwa kabla ya kuosha husaidia, kwani huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini yake. Zisukwe bila kukazwa. Msuko unaoumiza kichwa hung'oa nywele za pembeni, na ukizoeleka huua mizizi. Usiku zifungwe kitambaa laini cha satini.

Wengine hupaka mayai kichwani. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele; yai hilo ni heri aliwe, pamoja na maharage, dagaa na mboga za majani. Chakula bora hujenga mzizi, na mzizi ndio ulio hai.

6. Tumwone daktari lini?

Nywele zikikatika katikati ni jambo moja. Upara ukitokea ni jambo jingine. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa upara unaoanzia utosini kwa wanawake weusi, wakadhani chanzo chake ni chanuo la moto na mafuta. Baadaye ilionekana kwamba hata wasiochoma nywele huupata, na mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro ya kurithi. Ugonjwa huo huacha kovu, na penye kovu mzizi umekufa. Kwa hiyo anayeona utosi unapungua nywele, au unawasha na kuuma, asijifiche chini ya kilemba au wigi. Aende hospitali mapema, mizizi iliyobaki ipate kuokolewa.

Tukumbuke basi: unywele ulioungua hauna tiba, lakini mzizi wake, ukiwa mzima, utaleta mwingine. Kazi yetu ni kuulinda huo mzizi na kuwa na subira.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini kidonda hupona lakini unywele ulioungua hauponi?
2. Chanuo letu la moto tunalipimaje kabla ya kulitumia, na jiko tunaliweka wapi?
3. Sikukuu ijayo tutawatengeneza mabinti zetu nywele kwa njia gani isiyo na madhara?