Ukili Hufundishwa kwa Vidole

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya kufundisha kazi za mikono, na mfano wetu ni mkeka.

Mtoto akiulizwa mkeka hufanywaje, hujibu vema: majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa, mengine huchemshwa katika rangi, kisha huchanwa na kusukwa ukili, na ukili hushonwa hata uwe mkeka. Ametaja yote. Lakini mpe ukindu mkononi, utaona ya kuwa hajui neno. Hajui ya kuwa ukindu mkavu hukatika, sharti uloweshwe kidogo. Hajui kuuchana kwa upana mmoja. Basi ukili wake huenda upande, wala kosa halionekani mpaka siku ya kushona, kingo zisipokutana. Hapo bibi aliyezoea hasemi mengi: hufumua shibiri mbili, akamrudishia. Hilo ndilo somo lenyewe.

Jambo hili walilitambua zamani hata watu wa mbali. Katika nchi ya Ufini mchungaji wa Kilutheri, Uno Cygnaeus, ndiye aliyeanzisha shule za watu wote, na kwa amri ya mwaka 1866 kazi za mikono ziliingizwa katika masomo yake. Mwaka 1877 aliendewa na Otto Salomon wa Uswidi, ambaye huko Nääs aliwafundisha walimu wa nchi nyingi. Kwa Salomon mtoto alianza na kisu, maana alikizoea nyumbani. Hakufanya vipande vya kutupwa. Kila kazi ilikuwa kitu cha kutumika, nyepesi mbele, ngumu nyuma. Tena mwalimu alikatazwa kuigusa kazi ya mtoto. Hapo bibi zetu wangebisha kidogo, maana wao hufumua. Lakini kusuka tena humwachia mwenyewe.

Basi wenye kutaka kuanza somo hili usharikani wasianze na mkeka; mtoto atachoka kabla ya nusu yake. Na waanze na kipepeo cha kupepea moto, halafu kikapu. Wala kazi hii isitolewe kuwa adhabu, kama tulivyoona mahali pengine, maana atakayesuka kwa adhabu ataacha siku asameheweapo.

Na afundishe nani? Aitwe bibi ajuaye, apewe kiti na ujira kama mwalimu mwingine. Wengi wao wamekuwa wazee, na macho yao yapungua; ukili wa rangi mbili wataka mwanga mwingi, kwa hiyo saa ya somo iwe asubuhi, wala asingojeshwe hata jioni.